Skrubu za makava ya skuta zimegoma kutoka

MwanaPwani: Wakuu, habari za jioni. Nina skuta ya mtumba kutoka Japani, nataka kuipaka rangi upya lakini makava hayatoki. Aliyeniuzia anakaa Raskazone, hapa Tanga, na ilikuwa inalala nje, upepo wa bahari unaipiga usiku kucha. Kava la mbele lina skrubu zilizokwisha vichwa, bisibisi ya nyota inazunguka bure. Moja ya ubavuni yenyewe inazunguka mfululizo, haikazi wala haitoki. Halafu kuna vile vidude vyeusi vya plastiki, nikivivuta naona kava linataka kupasuka. Fundi wa mtaani anasema nitie maji ya breki au nipashe moto kwa gesi. Nifanyeje?

FundiRangi_Ngamiani: Kaka, huyo fundi mshukuru, kisha usimrudie. Maji ya breki yanakula rangi, na moto karibu na plastiki na mpira wa petroli si wa kujadili.

Vidude vyeusi si vya kuvuta. Tazama katikati. Kama pini imelala sawa na kofia, ibonyeze kwa ncha nyembamba, kidogo tu, mpaka usikie "tak". Miguu ya nyuma inalegea na kidude kinatoka kwa kucha. Kama pini ina kijinafasi cha kupenyeza bisibisi, hiyo inainuliwa, haibonyezwi. Mchanga ukiwa umekwama ndani, mwagia maji ya sabuni kwanza. Kurudisha ile ya kubonyeza: sukuma pini kwa nyuma ichomoze juu, ingiza kidude tunduni, ndipo uibonyeze ilale.

Skrubu sasa. Ukiona kidoti kando ya msalaba, hiyo ni ya kipimo cha Kijapani, JIS. Bisibisi nyingi za madukani ni Phillips: zinafanana kwa macho, ila ncha haikai mpaka chini, ukitia nguvu inaruka na kula kichwa. Nusu ya vichwa vibovu ninavyoletewa hapa vimeuliwa hivyo, kutu inasingiziwa tu. Tia oili ya kupenya jioni, ilale nayo. Asubuhi chukua bisibisi ya JIS, paka nchani ile dawa ya chengachenga ya kusagia valvu ili isiteleze, kandamiza kwa uzito wa mwili, zungusha taratibu.

Ikigoma, iue. Kinachoshika kava ni kichwa peke yake. Chukua drili yenye unene wa shina la skrubu, toboa polepole mpaka kichwa king'oke, inua kava, kisha kishina kilichobaki ukikamate kwa vaisi gripu, ile plaizi inayojifunga. Usikimbize drili, chuma kikipata moto kinayeyusha tundu la plastiki. Skrubu ni bei ya chai, sikio la kava, pale penye tundu la skrubu, likikatika utazunguka Tanga nzima.

DadaSkuta: Shikamoo fundi. Ile bisibisi ya kugonga kwa nyundo je? Kaka yangu anaisifu sana.

FundiRangi_Ngamiani: Marahaba. Kwenye kava la injini ni nzuri mno. Kwenye plastiki unapasua.

MwanaPwani: Na ile inayozunguka mfululizo?

FundiRangi_Ngamiani: Nyuma yake kuna nati ya klipu iliyolegea, au nati ya mpira yenye shaba ndani, zote zinazunguka pamoja na skrubu. Penyeza kipande cha plastiki chini ya kava, livute kidogo kuelekea kwako ili nati ibanwe, huku unafungua. Mkono ukifika nyuma, ishike kwa plaizi. Visipowezekana, kata kichwa.

Mzee_wa_Chumbageni: Akimaliza anunue za stenlesi zote, kutu aisahau.

FundiRangi_Ngamiani: Mzee wangu, hapo nakupinga kidogo. Kwenye klipu na plastiki, sawa. Lakini stenlesi ikikaa ndani ya aluminiamu, na chumvi yetu hii, aluminiamu ndiyo inayoliwa na skrubu inaganda. Paka grisi kwenye meno kabla ya kufunga, na usikaze kwa hasira.

MwanaPwani: Vidude vyeusi vimetoka vyote, ahsante sana! Kimoja kimevunjika mguu. JIS nakwenda kuitafuta kesho barabara ya 8.

FundiRangi_Ngamiani: Hicho kibovu nenda nacho dukani, vinatofautiana unene. Na skrubu zichomeke kwenye boksi ulilolichora ramani ya kava. Urefu haulingani, ndefu ikiingia pa fupi inatoboa cha nyuma yake.