Petroli ya RON 91 au 95, kuna faida kuweka ya juu?

dereva_mgeni: Wakuu habari zenu, nimenunua gari used, injini ndogo tu haina turbo. Ndani ya kifuniko cha tenki pamebandikwa RON 91, ila shemeji kanikomalia niweke 95 kila nikijaza, eti injini inasafishika na gari inakuwa nyepesi. Bei zinapishana sana jamani, kuna ukweli hapo au naliwa hela tu?

mzee_spana: Mkuu fuata kibandiko, shemeji muitikie tu yaishe. Hiyo RON ni namba ya oktani, na oktani sio nguvu ya mafuta, ni kipimo cha petroli inavumilia vipi joto na kubanwa ndani ya silinda bila kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Injini yenye turbo au kompresheni kubwa inabana sana ndo maana inadai 95 au 98, ya kwako haifiki huko. Hiyo ya kusafisha ni kazi ya dawa zinazochanganywa kwenye mafuta, namba haihusiki.

mama_usukani: Naongezea kidogo, yangu ina turbo na kitabu kinasema 95, kuna siku sikuipata nikaweka 91, basi kupanda mlima na mzigo nikasikia injini inagonga kama misumari kwenye kopo na kuvuta haivuti. Gari za siku hizi zina sensa inayosikia huo mgongano, kompyuta inachelewesha cheche kuilinda injini, ila nguvu inapungua na mafuta yanaenda. Nikawa nakanyaga kidogokidogo mpaka nilipopata 95.

dereva_mgeni: Asanteni sana. Sasa mbona Marekani wanaweka 87 na gari zinatembea freshi??

mzee_spana: Hahaha hiyo inachanganya wengi. Pampu zao zinaandika wastani wa RON na MON, yaani kipimo kingine cha oktani ambacho namba yake huwa ndogo kuliko RON, kwa hiyo 87 yao inakaribiana na 91 ya RON. Ukisoma kitabu angalia ni kipimo gani, halafu angalia kama wameandika inapendekezwa au ni lazima, kwenye lazima usishuke. Na hiyo yako ikianza kugonga na 91 usikimbilie 95, kwanza cheki kama inachemsha, kama plagi ni za saizi yake, na masizi kwenye silinda, gari used zinakuwaga nayo sana.

dereva_mgeni: Poa mkuu, kesho najaza 91. Shemeji ntamwambia nimeweka 95 😂