Skripti inapitia folda zote lakini neno "Katumba" halionekani

Mtunza Kumbukumbu, Tukuyu
Habari za jioni wakuu. Ninatunza kumbukumbu za chama cha wakulima wa parachichi hapa Rungwe, na mafaili yetu yamepangwa folda ndani ya folda: mwaka, kisha kijiji, kisha msimu. Nimeandika skripti fupi kwenye Ubuntu ili initajie kila faili lenye neno Katumba:

`for f in $(find . -name "*.docx"); do grep -il katumba $f; done`

Inalalamika kwamba "ya" haipo, "Machi.docx" haipo, na mwishoni hainipi faili hata moja, ilhali nikilifungua "Malipo ya Machi.docx" kwa mkono, neno ninaliona mstari wa pili. Nimekosea wapi?

Fundi wa Mafinga
Mkuu, makosa ni mawili. Kwanza, kwa kuwa hukuweka alama za kunukuu, jina lenye nafasi hukatwa vipande vitatu, na kila kipande hutafutwa kama faili linalojitegemea. (Kwa maandishi matupu usingehitaji hata kitanzi cha for; grep, yaani amri ya kutafuta maneno, ukiiandika `grep -ril katumba .` hushuka yenyewe hadi folda ya chini kabisa.) Kosa la pili ndilo zito: docx ni kifurushi cha zip, na maneno yako yamebanwa ndani ya word/document.xml, kwa hiyo grep hulipita faili bila kuona kitu. Jaribu hivi:

`find . -name "*.docx" -print0 | while IFS= read -r -d '' f; do unzip -p "$f" word/document.xml | sed 's/<[^>]*>//g' | grep -qi katumba && echo "$f"; done`

Usiiondoe sed, ndiyo inayofuta alama za XML na kubakiza maneno. Neno likishahaririwa, Word huweza kulipachika alama zake katikati, ikawa "Kat" huku na "umba" kule, nawe ukadhani halipo.

Dada wa Uyole
Naongezea kwamba mafaili ya .doc, yaani ya kabla ya Word 2007, si zip, hivyo amri hiyo haitayagusa. Yageuze kwanza kwa LibreOffice, tena kwenye nakala, si kwenye mafaili halisi ya chama:

`soffice --headless --convert-to docx *.doc`

Amri hii haishuki kwenye folda za ndani. Iendeshe folda kwa folda.

Mtunza Kumbukumbu, Tukuyu
Ahsanteni sana. "Malipo ya Machi" limetokea, pamoja na mawili yaliyokuwa yamehifadhiwa kimakosa kwenye folda ya Kiwira, ambako nisingetazama kamwe. Kesho naanza na .doc.