Natimiza miaka 40, nirudi shule au ninunue cherehani ya pili?

Habari zenu ndugu zangu. Jumamosi hii natimiza miaka 40. Namshukuru Mungu, mama yangu yu hai na binti yangu mkubwa kaingia kidato cha tano. Ila mwaka umeniumiza pia: nilitolewa kwenye fremu niliyoshonea miaka 9, sasa nashonea barazani kwangu na wateja wamepungua.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu baba alipofariki nikaachia kidato cha kwanza. Nataka cheti cha kidato cha nne. Nimeulizia, nikaambiwa nianze na Mtihani wa Maarifa (QT), nikifaulu ndipo nijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usiku najisomea madaftari ya binti yangu. Kiswahili na Historia naelewa vizuri, Hisabati ndiyo inanitoa machozi, kweli kabisa.

Akiba yangu ni shilingi 450,000 tu. Je, nilipie masomo ya jioni, au ninunue kwanza cherehani ya pili nipate msaidizi? Na aliyefanya QT huku analea, Hisabati uliimudu vipi?

Nitashukuru hata kwa jibu fupi.