Dada katoka kufanyiwa upasuaji, anakaza mwili mzima: kupumua taratibu kunasaidia kweli?

Mdogo_mtu: Wakuu habari za jioni. Dada yangu katolewa uvimbe kwenye kizazi, kidonda kiko chini ya kitovu. Yuko nyumbani, kapewa parasetamol na diklofenaki. Akitaka kugeuka tu anauma meno, anabana pumzi, mwili unakuwa mgumu wote. Kukohoa hataki kabisa. Wodini nesi alimwambia alegeze mwili apumue taratibu, mimi nikaona anatukwepa. Sasa shangazi anasema dawa zitamharibu figo, aziache abaki na hayo ya kupumua. Nishaurini.

Nesi_wa_zamu: Mpe pole dada. Hamkukwepwa. Anayeumia hukaza tumbo kulinda kidonda, tumbo likikazwa mshono unavutwa, anaumia zaidi, anazidi kukaza. Kulegea kunavunja hilo. Ila kwa dawa shangazi hapana! Anywe kwa saa alizoandikiwa, asingoje maumivu yapande, maana yakishapanda kuyashusha ni kazi. Diklofenaki anywe akiwa amekula. Kama ana vidonda vya tumbo au tatizo la figo, amwambie daktari aliyemwandikia, abadilishiwe.

Aanze na taya. Aliache la chini lishuke kidogo kama anayetaka kupiga miayo, ulimi utulie chini, midomo ilegee. Avute hewa polepole, aitoe, atulie kidogo, arudie, bila kupanga maneno kichwani. Marion Good, mtafiti wa uuguzi, na wenzake waliijaribu hii pamoja na muziki kwa waliopasuliwa tumbo huko Ohio, Marekani. Matokeo yalitoka 1999: waliolegeza taya, waliosikiliza muziki au waliofanya vyote viwili pamoja na dawa zao waliumia kidogo kuliko waliotegemea dawa tu. Pamoja na dawa, si badala yake, shangazi asome hapo.

Mzee_wa_henia: Mimi niliambiwa nikaze misuli kisha niachie, kuanzia miguuni hadi kichwani. Kufika tumboni nusura nilie. Sitaki kuisikia.

Nesi_wa_zamu: @Mzee_wa_henia pole, tumbo lilipaswa kurukwa. Mwenye kidonda cha tumbo akaze viganja, nyayo na mabega tu, tena kidogo, kisha aachie.

Mama_Zuhura: Mimi baada ya kujifungua kwa upasuaji nilishika tasbihi, punje moja pumzi moja. Jirani yangu kitandani alikuwa na rozari, naye hivyo hivyo. Mwache dada achague kinachomtuliza, msimwekee kwaya kama yeye ni wa taarabu 😄

Mdogo_mtu: Asanteni. Taya kajaribu, usingizi umempitia. Bado kuamka kitandani, hapo ndipo vilio.

Nesi_wa_zamu: Asiinuke moja kwa moja kama anayekaa. Asubiri kama nusu saa hivi au zaidi baada ya parasetamol, akunje magoti, ageuke ubavu, ashushe miguu huku akijisukuma kwa mkono, na hewa aitoe wakati wa kuinuka. Hapo ndipo wengi wanabana pumzi. Kukohoa akumbatie mto juu ya kidonda, akohoe. Makohozi yakilala kifuani yanaleta nimonia. Na atembee kidogo kidogo, damu isigande miguuni.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, akipata homa, kidonda kikitoa usaha au harufu, akivuja damu nyingi ukeni, mguu mmoja ukivimba, au akikosa pumzi, hapo hakuna cha kulegeza taya. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mdogo_mtu: Nimemsomea shangazi. Kanyamaza, ila vidonge karudisha mezani.