Mnaoshusha tanga na kuondoka zenu, mnatutesa tunaokuja nyuma

Wakuu, sina hamu ya salamu ndefu. Nimechoka na watu wanaotumia boti ndogo ya tanga ya kushirikiana kana kwamba ina mtumishi wake.

Tuanze na henza, kamba ya kupandishia tanga. Hivi mtu unafunguaje henza kwenye pembe ya juu ya tanga kisha ncha yake unaiachia tu? Kwenye boti yetu kamba inapita ndani ya mlingoti. Ukiiachia ncha bila kuifunga popote, mwenzako akigusa tu upande wa pili, inapanda hadi kwenye kapi, kigurudumu cha juu ya mlingoti, inapita, inaporomoka ndani kama nyoka na kutokea chini. Hapo hakuna cha kupandisha tena. Atakayekuja baada yako inabidi afungue waya wa omo, yaani wa mbele ya boti, aulaze mlingoti wote, atafute uzi mwembamba, aufungie kitu kizito kidogo, auteremshe ndani huku akiuinamisha mlingoti na kuutikisa, halafu ndipo avute henza polepole isinase njiani. Upepo wa asubuhi umeshakwenda, na mhusika yuko kwake amejilalia. Fundo la umbo la nane kwenye ncha linachukua sekunde ngapi, jamani?

Halafu papi, vile vijiti bapa vinavyolinyoosha tanga. Tanga linaviringishwa kuanzia juu kwenda chini, papi zikiwa zimelala sambamba na mviringo. Ukitaka kulikunja kama shuka, zitoe kwanza. Ninyi mnakunja tu, papi zinavunjika ndani ya mifuko yake, na ncha iliyovunjika inatoboa kitambaa. Hizo zilizopona nazo mnazirudisha kinyumenyume. Papi iliyochongwa, upande mwembamba unaolegea unakwenda mbele karibu na mlingoti, maana tumbo la tanga liko huko. Ukigeuza, tumbo linahamia nyuma, boti inakuwa nzito na haitaki kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo. Kisha mtu anashuka na kusema boti mbovu.

Upandishaji sasa, huko ndiko kwenye vituko. Boti imekaa ubavu kwa upepo, demani, kamba ya kuongozea tanga, imekazwa, na bwana anavuta henza kwa nguvu zote. Tanga linajaa likiwa nusu ya mlingoti, boti inalala juu ya kitoroli, watu wanapiga kelele. Omo ielekezwe upepo unakotoka, demani iachiwe kabisa, na ile kamba inayovuta mti wa chini wa tanga kuelekea sakafuni ilegezwe kabla hujapandisha. Isipolegezwa tanga halifiki juu hata uninginie. Nimeona ukingo wa tanga umechanika pale unapoingia kwenye mfereji wa mlingoti kwa sababu mtu aliona ni suala la misuli.

Na wale wanaoliacha tanga linapigapiga ufukweni wakati wao wanapiga picha! Kitambaa cha tanga kimepakwa gundi inayokipa ukakamavu. Kila kinavyopigapiga gundi inavunjikavunjika, mwisho tanga linalegea, halishiki umbo. Kama hamwondoki sasa hivi, lishusheni. Jua nalo linakula nyuzi, kwa hiyo msilitandaze siku nzima eti linakauka.

Najua utetezi unaokuja: "wengine ni wanafunzi." Wanafunzi sina ugomvi nao, wao huuliza. Tena mwanafunzi ukimwonyesha mara moja namna ya kufunga demani ya tanga la mbele kwa kitanzi kisichojikaza, anakumbuka. Wanaonitia hasira ni wazoefu, wale wa kupiga fundo juu ya fundo mpaka inabidi tukate kamba kwa kisu, halafu demani inabaki fupi na hakuna anayesema.

Jana nimekuta waya mmoja wa ubavuni unaoshika mlingoti umefungwa kwa kipande cha seng'enge badala ya pini ya shakeli, kile chuma cha kuungia waya na boti. Seng'enge! Mlingoti ungeangukia kichwa cha mtu tungesema bahari ina wenyewe. Pini imekwenda wapi? Uliyeitoa unajijua. Nataka iwe mahali pake kabla ya Jumamosi, pamoja na pete yake, na pete izungushiwe utepe isije ikanasa tanga. Mpaka hapo boti nimeifunga mnyororo, na ufunguo ninao mimi.