Trekta za kukodi Korogwe zimefungwa tairi kinyume, watu wanakufa, na hakuna chombo cha habari kinachoandika

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Masika hii, huku mabondeni Mombo, wilaya ya Korogwe, trekta la kukodi limepinduka kinyumenyume kwenye majaruba ya mpunga na kumuua dereva. Kijana mdogo kabisa. Jina lake siliweki hapa, familia bado iko msibani. Shamba lile linapakana na langu na nilikuwepo. Tangu siku hiyo nasubiri nisikie hata mstari mmoja redioni au gazetini. Kimya. Jioni ileile taarifa ya habari ilikuwa ni kiongozi kukagua ujenzi wa madarasa, halafu matokeo ya ligi ya Uingereza.

Nianze na trekta lenyewe, kwa sababu kuna watu wanasema "ajali kazini, bahati mbaya". Haikuwa bahati mbaya. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa limefungwa kinyume. Nimeliona kwa macho yangu, na kila mtu aliyekuwa pale angeliona kama angejua cha kutazama.

Kwa msiojua: simama nyuma ya trekta uangalie tairi kubwa. Meno yake yanatakiwa yaonekane kama paa la nyumba, ncha iko juu. Ukiona ncha iko chini, tairi hilo limegeuzwa. Kama una shaka, futa tope ubavuni, utakuta mshale. Mshale huo unaonyesha tairi linakotakiwa kuzungukia trekta likienda mbele. Hakuna utaalamu wa chuo hapo, ni kufuta tope tu na kuangalia.

Na si suala la urembo. Meno yakikaa sawa, ncha ya katikati ndiyo inayogusa udongo kwanza, kisha tope linasukumwa kwenda pembeni na tairi linajisafisha lenyewe linavyozunguka. Likiwa kinyume, tope linavutwa katikati na kuganda kati ya meno. Udongo wetu huku ni mfinyanzi mweusi, mnaujua ukishalowa unavyonata. Mizunguko michache tu, meno yote yameshazikwa, tairi linateleza, dizeli inaungua bure na trekta linazama. Tena hili lilikuwa na upande mmoja sawa na mwingine kinyume, kwa hiyo lilikuwa linavuta upande mmoja tu.

Linafikaje huko? Njia ya kwanza ni pancha. Fundi anavua tairi kwenye rimu, anaziba, analirudisha bila kuangalia mshale. Ya pili inatokea pale mwenye trekta anapotaka kupanua upana wa magurudumu ya nyuma. Rimu za matrekta mengi, hata hizi Massey Ferguson za zamani zilizojaa huku, zinaweza kugeuzwa nje ndani ili gurudumu likae mbali zaidi. Lakini ukiigeuza rimu lazima uhamishe gurudumu: la kulia liende kushoto, la kushoto lije kulia. Usipohamisha, meno yote yanatazama nyuma. Ni kazi nzito ya jeki na watu kadhaa, kwa hiyo mtu anafanya nusu na kuliachia trekta liende shamba.

Sasa sikilizeni kilichomuua kijana, maana hiki ndicho kinachoniumiza zaidi. Trekta lilikwama. Mwenye trekta akapiga simu akisema lisirudi bila kumaliza heka za siku hiyo. Dereva na utingo wakafanya kile kinachofanywa mabonde yote ya nchi hii: wakachukua gogo, wakalifunga kwa mnyororo mbele ya magurudumu ya nyuma ili tairi lilikanyage lijinasue. Akaingiza gia, akaachia klachi.

Jamani, gogo hilo linaua. Nguvu ya injini lazima iende mahali. Magurudumu ya nyuma yakigoma kuzunguka, kinachozunguka ni trekta lenyewe. Pua inanyanyuka, linakwenda juu na kuangukia nyuma, na yote hayo yanachukua chini ya sekunde 2. Dereva hana muda wa kukanyaga klachi, hana muda wa kuruka. Usukani na kiti vinambana kwenye tope. Tulichimba kwa majembe na mikono kumtoa.

Trekta lile halikuwa na fremu ya chuma ya kumkinga dereva linapopinduka. Ilishakatwa, nasikia ili lipite chini ya miembe. Sweden walilazimisha kila trekta jipya liwe na fremu hiyo tangu mwaka 1959. Elfu moja mia tisa hamsini na tisa, wakuu, hatujapata hata uhuru! Sisi tunaikata tukauze chuma chakavu. Na hata ikiwepo, bila mkanda wa kiti haikukingi inavyotakiwa, maana unaweza kurushwa nje na fremu hiyohiyo ikakuangukia. Kwenye trekta lisilo na fremu, mkanda usifungwe kabisa.

Trekta likikwama, fungua plau kwanza. Chimba mbele na nyuma ya tairi, jaribu kutoka kwa kurudi nyuma. Likigoma, leta trekta la pili livute, na mnyororo wa linalovuta ufungwe chini kwenye chuma cha kuvutia tela, usifungwe kamwe juu wala kwenye ekseli. Na watoto washuke kwenye madigadi. Kila siku napishana na trekta barabara ya Segera kwenda Mombo lina watu wamekaa juu ya madigadi, mguu uko kiganja kimoja kutoka kwenye tairi linalozunguka.

Nchi hii ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003 na kilimo kimo ndani yake. Nani amekuja kukagua trekta la kukodi jaruba kwa jaruba? Sijamwona.

Na hapa ndipo nageukia nyinyi watu wa habari. Zamani ukurasa wa mikoani ulikuwa na habari za Korogwe, Muheza, Handeni, Pangani. Mtu akifa kwenye mtambo wa mkonge tulisoma, tena na sababu yake. Leo mwandishi wa mkoa analipwa kwa habari iliyotoka, hana mshahara, nauli ya Tanga mjini mpaka Mombo inatoka mfukoni mwake. Kwa hiyo anakwenda penye gari la msafara na posho. Simlaumu sana yeye, nawalaumu waliomweka hapo. Vijana walioanzisha blogu za wilaya nao walibanwa na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, ada ya zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mtu anayeandika akiwa kijijini kwao. Nani angebaki?

Matokeo yake tumebaki na picha za WhatsApp. Mtu anapiga picha maiti iko chini ya trekta, inazunguka makundi yote mpaka kwa mama wa marehemu, na hakuna hata mmoja anayeandika kwamba tairi lilikuwa kinyume, kwamba gogo lilifungwa, kwamba fremu ilikatwa. Kijiji cha pili wanaona picha, wanasikitika, kesho wanafunga gogo. Nimewaona kwa macho yangu wiki hii, bonde hilihili.

Mwenye trekta amekwisha kulinyanyua, kalipeleka gereji, linasemekana linarudi kulima. Nimemuuliza fundi wake kama tairi limegeuzwa. Kaniambia hakuambiwa.

Nina picha za tairi, za rimu na za mnyororo, hazina mwili wa marehemu. Kama kuna mwandishi humu, wa gazeti au redio yoyote, ambaye yuko tayari kufika Mombo, aje PM leo. Chakula na malazi ni kwangu, na mashahidi wapo watakaozungumza. Na wenye matrekta mnaokodisha Korogwe mpo humu, nawajua: tokeni nje sasa hivi mkaangalie mishale.