Madhabahu ya uvumba: mbele ya pazia au nyuma yake?

Mleta mada:
Wakuu, tulikwama hapa kwenye kipindi cha Biblia na hadi sala ya kufunga hatukuelewana. Kutoka 30:6, kwenye maagizo ya hema ya kukutania (ile hema ya ibada ya Waisraeli jangwani), inaagiza madhabahu ya kufukizia uvumba iwekwe mbele ya pazia linalotenga chumba cha ndani, chumba kimoja na kinara cha taa na meza ya mikate ya wonyesho. Ukija Waebrania 9, chumba hicho kina kinara, meza na mikate, basi. Nyuma ya pazia la pili (ndilo hilo la ndani) ndipo panatajwa "chetezo cha dhahabu" pamoja na sanduku la agano. Mwandishi kachanganya, au sisi ndio tunasoma vibaya?

Mimi nasema ilikaa nje ya pazia. Uvumba ulifukizwa kila siku, asubuhi na jioni. Patakatifu pa patakatifu, yaani chumba cha nyuma ya pazia, aliingia kuhani mkuu peke yake, siku moja kwa mwaka. Zakaria wa Luka 1 alikuwa kuhani wa kawaida aliyeangukiwa na kura; angefukizaje huko ndani?

Mchangiaji wa kwanza:
Mbona mnajisumbua? Chetezo si madhabahu. Sisi tuliolelewa na bibi wa Pwani tunajua: chetezo unakibeba na makaa yake, unapita nacho chumba hadi chumba. Walawi 16, kuhani mkuu anatwaa chetezo cha makaa na konzi mbili za uvumba, anaingia navyo ndani ya pazia ili moshi ukifunike kiti cha rehema (kile kifuniko cha sanduku la agano), asije akafa. Mgongano uko wapi?

Mleta mada:
Kigiriki ndicho kinachokataa, ndugu yangu. Waebrania iliandikwa kwa Kigiriki, na neno lililotafsiriwa "chetezo" ni thumiaterion, yaani kitu cha kufukizia. Kweli, Agano la Kale la Kigiriki linalitumia kwa chetezo cha mfalme Uzia, 2 Nyakati 26:19. Lakini Filo na Yosefo, Wayahudi wa karne ya 1, wanaiita hivyo madhabahu yenyewe. Halafu ukishika chetezo, orodha yote ya Waebrania inabaki haina madhabahu ya dhahabu popote. Umeziba tundu moja, umetoboa jingine.

Mchangiaji wa pili:
Someni Waebrania 9 kwenye Biblia ya Kiswahili ya Union Version taratibu. Chumba cha kwanza "mlimokuwa na", cha pili "yenye". Kigiriki nacho kinabadilika papo hapo. Nyumba yenye kisima, je, kisima kiko sebuleni? Hata 1 Wafalme 6:22 inaihesabu madhabahu hiyo kuwa ya chumba cha ndani.

Mchangiaji wa kwanza:
Dada, kisima nimekikubali. Ila "yenye" hiyo hiyo imebeba na sanduku la agano, nalo hakuna anayebisha kwamba lilikuwa ndani. Neno moja utalikataje vipande viwili?

Mleta mada:
Silikati. Madhabahu inasimama nje, kazi yake iko ndani. Pazia ni kitambaa, moshi haubishi hodi. Angalieni hekalu dogo lililofukuliwa Tel Arad, kusini mwa Yuda: madhabahu mbili za mawe za kufukizia zilikutwa mlangoni mwa chumba cha ndani kabisa. Uchunguzi uliochapishwa 2020 ulikuta kubwa ina mabaki ya ubani, na ndogo (msicheke) ya bangi.

Mchangiaji wa pili:
Hapo mlangoni zilikutwa zimelazwa ubavu, mkuu. Aliyezilaza ndiye aliyejua zilikuwa zimesimama wapi.